Pijo Lililomkataa Mama Mkwe

Mume wangu Akli alinunua Pijo 404 la mizigo msimu wa tini ulipokuwa unaisha, na kwa wiki kadhaa hakuwa mtu wa kuguswa. Akiamka, kabla hajanawa uso, alikwenda kulitazama kama lipo. Aliliosha kwa maji niliyoyapandisha mimi kutoka chemchemini, akalipangusa kwa kitambaa nilichokusudia kumshonea binti yetu sketi, kisha akaniuliza mbona nimenuna.

"Sijanuna," nikamwambia. "Nasubiri zamu yangu ya kupanguswa."

Lilikuwa gari zuri, siwezi kusema uongo. Rangi yake ya bluu ilikuwa imepauka mgongoni kwa jua, lakini injini ilinguruma kwa upole kama cherehani. Nyuma lilikuwa na turubai, na mbele kiti kirefu cha watu watatu. Mwenyewe wa zamani alikuwa Hemmou, muuza kuku wa kule mjini, mtu ambaye hufunga banda kwa kufuli, akarudi kuitikisa, kisha akamtuma mkewe naye akaitikise. Akli alisema hiyo ndiyo sababu ya gari kuwa zima: mtu mwenye wasiwasi hutunza mali.

Sisi tunaishi migongoni mwa milima. Kijiji kiko juu, kijiji cha jirani kiko juu vilevile, unaona hata nguo walizoanika, lakini ili ufike huko lazima ushuke kwa makona mpaka mtoni, halafu upande kwa makona mengine. Mtu asiye na gari huku ana miguu ya mbuzi. Na mtu mwenye gari ana jamaa wengi.

Jamaa wa kwanza alikuwa mama yangu. Jina lake Djouher, lakini kijiji kizima kinamwita Na Djouher, kwa heshima ya umri wake, na kidogo kwa kumwogopa. Ni mjane, anaishi nyumba ya tatu kutoka kwetu, na ana mizeituni yake mwenyewe ambayo hamwachii mtu kuichuma bila yeye kusimama chini akitoa amri. Msimu wa zeituni ulipofika na tukajaza magunia ya kwanza, alikuja amevaa gauni lake jipya, kitambaa kichwani, akafungua mlango wa mbele bila kuuliza, akakaa dirishani.

"Haya mkwe," akamwambia Akli. "Twende kinuni. Na usiendeshe kama mwizi wa mbuzi."

Nikakaa katikati. Tukaanza kushuka. Makona ya kwanza yalikwenda salama. Tulipofika kona kali, ile yenye kaburi la walii upande mmoja na utupu upande wa pili, injini ikakata. Ikawaka tena. Ikakata. Gari likawa linatikisika na kukohoa, kah, kah, kah, kama mbuzi aliyemeza kitambaa. Kona ilipokwisha, likaacha kukohoa, likaendelea kana kwamba si lenyewe lililokohoa.

"Gari lako lina kifua," mama akasema.

"Asubuhi lilikuwa zima," Akli akajibu.

"Hata marehemu wote walikuwa wazima asubuhi."

Lilikohoa mara kadhaa kabla ya kufika mtoni. Pale kinuni, zeituni zinakokamuliwa, sisi wanawake tulibaki kulinda zamu yetu, maana ukiacha zeituni zako bila mlinzi utarudishiwa mafuta ya mtu mwingine, na Akli akapanda kijijini kuchukua magunia yaliyobaki. Akarudi uso unang'aa.

"Limepona! Limepanda na kushuka bila hata kupiga chafya!"

Mafuta yakatoka, tukapakia, mama akakaa dirishani, tukaondoka. Kona ya pili tu: kah, kah, kah.

Ikawa hivyo msimu mzima. Akli akienda peke yake, shwari. Akienda na mimi, shwari. Akibeba mbao, saruji, kondoo, shwari. Mama akipanda, gari linamisi, injini inakatakata. Mwanzoni Akli hakusema neno, ila nilianza kumwona akimtazama mama kwa pembe ya jicho, kama mtu anayetafuta njia ya heshima ya kuuliza jambo lisilo na heshima.

Mwishowe akalipeleka kwa Dda Boussad. Huyo ndiye fundi wetu, tunamwita Dda kwa heshima ya umri, mzee mfupi mwenye masharubu ya kijivu, gereji yake iko njia panda chini ya mkahawa, hivyo hakuna ugonjwa wa gari usiojulikana na wanywa kahawa wote. Akli alinisimulia baadaye yote yaliyotokea.

Dda Boussad alifungua boneti, akawasha injini, akaisikiliza huku amefumba macho. Akachomoa waya wa plagi ya kwanza, injini ikayumba. Akaurudisha, akachomoa wa pili, ikayumba. Wa tatu na wa nne vilevile.

"Zote nne zinafanya kazi," akasema. "Kama moja ingekuwa mvivu, ningechomoa waya wake na injini isingejali." Akatoa plagi, akazitazama midomo: rangi ya kahawia, safi. Akafungua kifuniko cha distributa, ile inayogawa umeme kwa plagi, akakipangusa, akatafuta ufa, hakuuona. Akasugua pointi. Akalijaribu barabarani mpaka kwenye daraja na kurudi. Halikumisi hata mara moja.

"Akli, mwanangu, gari lako ni zima kuliko mimi. Linaumwa lini hasa?"

Akli akakuna kichwa. "Kwenye kona."

"Kona zote?"

"Zote... lakini si kila siku."

"Siku gani basi?"

Hapo ndipo mume wangu alipofanya kosa. Badala ya kuomba wasogee pembeni, alijibu palepale, na wanywa kahawa wamejipanga ukutani kama mashahidi. "Siku ambayo mama mkwe yumo."

Gereji nzima ililipuka kwa kicheko. Dda Boussad mwenyewe alicheka mpaka akakalia tairi. Mmoja akasema, "Hilo gari lina akili, niuzie!" Mwingine akauliza kama linaweza pia kuwakataa mashemeji. Akli alirudi nyumbani masikio mekundu.

Lisemwalo lipo, na likishasemwa mkahawani hufika chemchemini kabla kahawa haijapoa. Kesho yake asubuhi mama alikwenda kuteka maji, akakuta wanawake wanaziba midomo kwa ncha za vitambaa. Hakuna aliyethubutu kumwambia, mpaka jirani mmoja asiyejua kuficha akamwuliza, "Na Djouher, eti ni kweli Pijo la mkweo linakukataa?"

Mama aliweka ndoo chini. Hakugomba chemchemini, si mtu wa kugomba mbele za watu. Alikuja kugomba kwetu.

"Limebeba kuku miaka yote halikukohoa! Likanibeba mimi likakohoa? Kuku ni bora kuliko mimi?"

"Mama, hakuna aliyesema hivyo," nikasema.

"Akli kasema! Mbele ya mkahawa!"

Akli alisimama kama mwanafunzi. "Mama, nilikuwa naeleza dalili tu."

"Mimi ndiyo dalili?"

Basi. Kuanzia siku hiyo hakupanda. Alikwenda sokoni kwa basi, na akiliona Pijo njiani aligeuza uso upande wa pili, hata kama upande huo ulikuwa ukuta. Akli akipita na gari tupu na kusimama ampandishe, mama alisema, "Pita, mwana wa watu, nisije nikakuua gari."

Ingeweza kubaki mzaha, lakini mdogo wangu Yidir alipiga simu kutoka Algiers, anakofanya kazi ya kuoka mikate, akasema yuko tayari kuoa. Msichana aliitwa Sekkoura, wa kijiji cha ng'ambo ya bonde. Watu wake walikuwa wamekubali tuje Ijumaa. Na anayekwenda kuomba binti ni nani kama si mama wa kijana? Baba yetu hayupo tena. Mama alikuwa ameanza kuandaa maneno yake tangu Yidir anaota meno.

Akli alikuwa ameshaapa siku nyingi kwamba Pijo ndilo litakalompeleka mama kuomba na ndilo litakalomleta bibi harusi. Mama akasema atakwenda kwa basi. Akli akasema, "Nani aliwahi kuchumbia mke kwa basi?" Mama akasema, "Yule aliyekataliwa na gari." Yidir akanipigia mimi. "Dada, fanya jambo. Wakigombana mbele ya wale watu, mimi nitazeeka na unga."

Nikashuka njia panda. Dda Boussad alikuwa anakula mkate na mafuta ya zeituni juu ya boneti ya lori. Nilimsalimu vizuri, kisha nikamwambia, "Dda Boussad, ulicheka. Maneno yametoka gerejini kwako yamemfikia mama yangu. Sasa njoo utibu ulichokicheka."

Akaacha kutafuna. Ni mtu mwema, aliona haya.

"Taous, binti yangu," akasema, "niliporudi nyumbani siku ile nilifikiri, na kicheko kikaniisha. Injini yenye plagi moja mbovu huchechemea. Inachechemea daima, kama mtu mwenye mguu mfupi. Hii ya kwenu haichechemei. Akli anasema inakata yote kwa mara moja, halafu inarudi yote kwa mara moja. Huyo ni mtu anayewasha na kuzima taa. Kuna mahali umeme unakatika. Lakini wapi, na kwa nini mama yako awemo, hilo sijui."

"Si umwambie Akli alilete gari tena?"

"Gari nimeliona. Niliyemkosa ni mgonjwa mwenzake. Kama wanaumwa pamoja, wapimwe pamoja."

Alikuja jioni ileile amevaa burnusi safi, lile joho la sufi, akamkuta mama anapepeta ngano ya kuskusi uani. Alikaa chini bila kukaribishwa, akaomba radhi bila kuzungukazunguka.

"Nimekukosea, dada. Nilicheka. Lakini gari halina akili wala ubaya, halimjui mama mkwe wala shangazi. Kuna kitu. Nisaidie kukipata, nawe utakuwa na jibu la kuwapa wale wa chemchemini."

Mama alipepeta kidogo, akafikiri. Neno lile la mwisho lilimwingia. "Nikusaidie vipi?"

"Kesho tutalijaribu. Lakini kwanza..." Dda Boussad akakohoa, akatazama mlima. "Samahani sana. Uzito wako ni kilo ngapi?"

Ungo ulisimama hewani.

"Unasema?"

"Ni kwa ajili ya gari! Huenda upande ule ukielemewa, bodi inainama, waya fulani unavutika. Nataka niweke magunia yenye uzito wako pale kitini."

"Weka magunia mawili," mama akasema kwa ubaridi, "na mawe juu, tusije tukaambiwa nimejipunja."

Asubuhi tulikusanyika barabarani. Habari ilikuwa imefika mahali pote, kila dirisha lilikuwa na kichwa. Dda Boussad akapakia magunia mawili ya zeituni kitini, na jiwe juu kama mama alivyoamuru, Akli akashuka mpaka kwenye kaburi na kurudi. Cherehani. Hakuna kikohozi.

"Si uzito," Dda Boussad akasema, akaliteremsha jiwe. "Nilikosea. Dada, karibu."

Mama akapanda akiwa amekaza shingo. Gari likiwa limesimama, injini inaunguruma, tukasubiri. Hakuna kitu. Dda Boussad akamwomba avue hirizi ya fedha kifuani, labda inasumbua umeme, nayo akaijaribu mbali, akairudisha karibu. Mama akamwambia hirizi ile ilimlinda na surua, itakuwaje iwe na ugomvi na Pijo. Hakuna kitu. Tukatembeza gari polepole pale kwenye tambarare ya msikiti. Hakuna kitu. Watu madirishani wakaanza kuingia ndani kupika.

"Basi tushuke kama mlivyokuwa mnashuka," akasema fundi. "Kila mtu akae alipokuwa anakaa. Akli, endesha kama kawaida yako. Taous, wewe uko katikati, niambie lolote linalotokea huko mbele." Yeye akapanda nyuma chini ya turubai, akapitisha kichwa kwenye dirisha dogo la nyuma ya kiti, lililokuwa halina kioo, masharubu yake yakawa baina ya bega langu na la mama.

Tukashuka. Akli aliendesha kama kawaida yake, yaani kama mwizi wa mbuzi. Kona ya kwanza, mama akavuta pumzi. Tukaingia kona ya kaburi, bonde likafunguka upande wake, na palepale: kah, kah, kah!

"Hilo!" Dda Boussad akapiga kelele sikioni mwangu. "Inakata yote! Akli, usisimame! Taous, nini kimetokea?"

"Hakuna kilichotokea."

"Lazima kuna kitu!"

Kona iliyofuata nikaacha kusikiliza injini. Nikasikiliza jirani yangu. Goti la mama ninalijua tangu utoto, nimelalia goti lile, limenikanda mgongo. Nikalihisi likikakamaa kando ya langu, likanyooka, likasukuma chini kwa nguvu zote. Kah!

"Dda Boussad," nikasema, "ni mguu wa mama."

"Mguu una nini?"

"Anakanyaga."

"Sikanyagi!" mama akasema.

"Mama, umekanyaga sasa hivi."

"Nimeuweka tu chini. Niubebe kichwani?"

Kona nyingine. Goti likanyooka, kah!

"Na hiyo?"

Mama akalipuka. "Napiga breki! Si yeye hapigi! Ndani ya gari hili lazima awepo mtu mmoja anayepiga breki!"

Akli aliegesha kando ya mzeituni mwitu, injini ikiwa inaunguruma. Dda Boussad aliruka kutoka nyuma kama kijana, akafungua mlango wa mama.

"Dada, kanyaga kama ulivyokanyaga."

"Gari limesimama, nikanyage nini?"

"Tafadhali."

Mama akakanyaga. Injini ikashtuka. Akakanyaga tena, akakandamiza, injini ikazima kabisa. Bondeni pakawa kimya, tukasikia mto.

Fundi akamwomba ashuke, akanyanyua mpira wa sakafuni. Ulikuwa umeshikamana na matope na manyoya ya kuku ya zamani. Chini yake, juu ya bati, palipita waya mwembamba mwekundu, ukitokea upande wa injini na kwenda chini ya kiti. Pale mahali hasa pa kisigino cha mama, ganda la waya lilikuwa limelika, shaba ikachungulia.

"Kikulacho ki nguoni mwako," akasema Dda Boussad, akaufuata waya kwa kidole mpaka chini ya kiti. Huko kulikuwa na swichi ndogo kama ya taa ya kitandani. Akakalia ukingo wa barabara akaanza kucheka, ila safari hii alicheka kwa furaha ya kazi. "Hemmou! Lo, Hemmou! Hii ni ya wezi. Waya unatoka kwenye koili inayozaa cheche za plagi. Ukigusa chuma, cheche zinakufa, gari haliwaki. Akiegesha sokoni, anabonyeza swichi, mwizi anazungusha ufunguo mpaka anatoa jasho. Basi hapa waya umechubuka, na dada akikanyaga unagusa bati. Ni kama kubonyeza swichi."

"Mshenzi yule," Akli akasema. "Kaniuzia gari, siri yake akabaki nayo."

Mama alitazama waya, akatazama kisigino chake.

"Kwa hiyo mimi ndiye niliyekuwa nalizima?"

"Ndiyo, dada."

"Kwa mguu wangu huu?"

"Kwa huo huo."

Uso wake ukaanza kuchanua kama wa mtu aliyeambiwa amerithi shamba. "Naogopa, nakanyaga, nalo linatii."

"Ndivyo."

"Basi liacheni hivyo hivyo. Ni breki yangu."

"Mama!" Akli akashika kichwa. "Siku moja utalizima katikati ya kona na sisi tumejaza mafuta nyuma, tuangukie mtoni wote!"

Nilidhani mama atamjibu kwa ukali. Badala yake alirudi nyuma hatua chache kutoka ukingoni, akajifunga kitambaa chake vizuri.

"Mimi naiogopa ile kona," akasema.

Sijawahi kumsikia mama akilisema neno lile. Huyu ni mwanamke aliyemfukuza nguruwe mwitu kwa fimbo ya kupukutishia zeituni.

"Nilipoolewa," akaendelea, "waliniteremsha kwa nyumbu. Palepale kwenye kaburi mguu wa nyumbu ukateleza. Mimi nilishikwa, sanduku langu halikushikwa. Nililiona likibiringika, nguo zangu zote zinaruka kama ndege, mpaka mtoni. Watu wakacheka, wakasema nimezaliwa upya. Tangu siku ile, nikishuka hapa, tumbo langu hubaki juu."

Akli alikuwa ameinamisha kichwa. "Kwa nini hukuniambia, mama?"

"Nilikwambia! Nilikwambia unaendesha kama mwizi wa mbuzi!"

"Hilo ni tusi. Si kuniambia unaogopa."

"Kwangu mimi ni kitu kimoja."

Dda Boussad akajifanya anatafuta bisibisi. Mimi nilijifanya natazama mto. Akli alikwenda akasimama karibu na mama, upande wa bonde, akiwa amemziba asiuone utupu.

"Waya utatoka," akasema. "Lakini wewe kanyaga. Nikisikia kishindo cha mguu wako, nitajua. Nitapunguza mimi mwenyewe."

"Utapunguza kweli au utanidanganya kama waume wote?"

"Utanisikia nikipunguza."

Dda Boussad aliufungua waya kwenye koili, akauvuta wote kama mtu anayemtoa mnyoo, akamkabidhi mama. Mama akauzungusha kidoleni, akautia kifuani. Tulipopanda kurudi, akaomba tumshushe chemchemini. Alikuta wanawake wamejaa. Sikuyasikia yote aliyosema, lakini nilimwona ameunyanyua waya juu, na yule jirani asiyejua kuficha akiuliza aonyeshwe tena sehemu iliyochubuka.

Ijumaa Yidir aliwasili na basi la asubuhi, amenyoa mpaka ana mikwaruzo, mkononi boksi la keki alizooka mwenyewe. Akapanda nyuma chini ya turubai akilikumbatia boksi lake. Mama alikaa dirishani, mimi katikati. Kwenye kona ya kaburi niliusikia mguu: dum! Akli akashusha gia, akapunguza mpaka ningeweza kuhesabu majani ya nyasi. Kona iliyofuata, dum, akapunguza. Injini haikukata hata mara moja. Hapo mtoni mama akamwambia, bila kumtazama, "Leo unaendesha kama mwanangu."

Kwa akina Sekkoura walitupokea kwa kahawa na mkate wa moto na asali. Mambo yalianza kwa ugumu, kama kawaida ya siku kama hiyo: kila upande unasifu mvua. Bibi yake Sekkoura, ajuza aliyekunjamana kama tini kavu, alimtazama mama muda mrefu, kisha akauliza kwa sauti ya mtu asiyesikia vizuri, "Wewe ndiye yule aliyekataliwa na gari?"

Baba wa msichana akafumba macho. Yidir akageuka rangi ya unga wake.

"Halikunikataa," mama akasema, akaweka kikombe chini taratibu. "Lilikuwa linanitii. Mimi ndiye niliyekuwa nalizima kwa kisigino." Akatoa waya kifuani, akauweka juu ya meza baina ya keki na asali, akasimulia. Alisimulia nyumbu, sanduku, magunia mawili na jiwe, masharubu ya Dda Boussad dirishani. Alipofika kwenye swali la kilo, ajuza alikuwa anajipigapiga magoti, na kutoka nyuma ya pazia tukasikia msichana akicheka, kicheko kikubwa kisichojua kujificha. Mama akakinyooshea kidole kile kicheko.

"Huyo ndiye niliyemjia," akasema.

Basi alikuwa ameandaa maneno miaka mingi, akayasahau yote. Hawakuyahitaji. Walisoma Fatiha, ajuza akawa wa kwanza kupiga vigelegele, na Sekkoura akatoka kutusalimia akiwa bado anajifuta machozi ya kucheka. Keki za Yidir zilikuwa zimebondeka kwa safari. Alikula yeye mwenyewe nyingi zaidi, kwa wasiwasi uliobaki.

Tuliondoka jua likiwa bado juu ya kilele. Walitupakia chupa za mafuta na kapu la mayai. Mama aliimba kidogo nyimbo za harusi za zamani, akinisahihisha nikikosea maneno. Kabla ya kufika mtoni sauti yake ikapungua, halafu ikakoma. Nikatazama. Alikuwa amelala, kichwa kimeegemea kioo, mdomo wazi, mguu wake umejilaza sakafuni kama wa mtu aliye kitandani kwake.

Tukaanza kupanda makona. Akli akaweka gia ya pili, akaiacha hapohapo. Nyuma yetu pakajipanga lori la mchanga, basi, na magari mawili ya harusi ya watu wengine, wote wakipiga honi. Dereva wa lori akatoa kichwa dirishani akapayuka, "Wewe! Umebeba mayai?"

"Nimebeba mayai," Akli akamjibu kwa sauti ya chini, asimwamshe mama, akaendelea kupanda polepole.